Tulivyofunzwa Kushika Tupa

Watu wakisikia kwamba nilijifunza ufundi wa chuma kwa Wajerumani, huniambia nilibahatika. "Angalau waliwafundisha kazi," wanasema, na wengine ni wajukuu zangu mwenyewe. Damu hunichemka. Kufundisha ni neno zuri mno kwa mambo niliyoyaona mle ndani, na sitaki kulisikia likitumiwa ovyo.

Karakana ilikuwa ufukweni mwa ziwa, upande wa Itungi, banda la bati la kutengenezea stima na mashua za serikali. Mvua za kwetu hazina huruma, na usipopaka mafuta chombo cha chuma jioni, asubuhi unakikuta kimeota kutu. Mkuu wetu wa Makwale aliamriwa atoe vijana wa kujifunza, akatutoa. Mimi nilikwenda pamoja na mwenzangu wa rika. Kwetu wavulana wa rika moja huondoka kwa wazazi, hujenga kijiji chao, wakalima pamoja na kula chungu kimoja. Nilijenga naye tangu kibanda cha kwanza, kile kilichoezuliwa na upepo tukacheka hadi tukalia. Hata ndugu wa tumbo moja hakumzidi yule kwangu.

Tuliambiwa siku ya kwanza: atakayefuzu kabla ya mvua kubwa atabaki karakanani. Atakayeshindwa atapasua kuni za stima, na wapagazi wakitakiwa, atabeba mizigo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa upagazi ni nini. Wanaume walikuwa wamepandishwa milima ya Ukinga na mizigo ya watu kichwani, na migomba yao ilikuwa imemezwa na nyasi.

Kazi yenyewe ilikuwa moja: kusawazisha kipande cha chuma kwa tupa. Unakibana kwenye jiliwa, unasukuma tupa, unakifuta, kisha unalaza rula ya chuma juu yake na kukiinua dirishani. Mwanga ukipenya chini ya rula, umekosa. Mwanga wetu ulipenya kila siku. Vipande vyetu vilitoka na mgongo kama kobe.

Bwana Fundi, Mjerumani mnene aliyefungua vifungo vya shati kwa joto, alikuja kila asubuhi akatuonyesha. "Tazama!" alisema, akasukuma tupa mara kadhaa. Na sisi tukainamisha vichwa.

Nataka hili lieleweke. Kwetu mkubwa akiwa na kazi mkononi, kijana hamkodolei macho. Unachutama, unatazama chini, unasikiliza. Na kwa wahunzi wa Ukinga, waliotuuzia majembe tangu enzi za babu zetu, jicho la mgeni lilihesabiwa kuwa linaharibu chuma motoni. Basi tulimpa Bwana Fundi heshima yote tuliyokuwa nayo. Tulitazama sakafu. Tulisikia tupa ikilia, hatukuona mkono hata mara moja. Naye, mtu aliyeishi kati yetu miaka yote hiyo, hakuwahi kuuliza kwa nini. Alituita ng'ombe, akaagiza kiboko kiletwe.

Siku yangu ya kuchapwa ilikuwa ya mvua. Nilipoinuka mgongo ukiwaka, adabu ilikuwa imenitoka. Nilimkazia macho yule mtu wazi kabisa, nikimtakia mabaya ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alikuwa amerudi kwenye jiliwa kuonyesha tena. Kwa sababu nilimchukia, sikuinama. Na kwa sababu sikuinama, niliona mkono wake wa kushoto.

Ulikuwa kwenye ncha ya tupa. Mwanzo wa msukumo ulikandamiza kwa nguvu, na kadiri tupa ilivyosonga mbele ulilegea, wa kulia ukachukua uzito. Basi! Ni hivyo tu! Sisi tulikandamiza mikono yote miwili mwanzo hadi mwisho, tupa ikayumba, chuma kikaota mgongo. Jambo la kusema kwa pumzi moja, na hakulisema. Alipogundua namtazama, alinizaba kofi. "Unanikodolea nini?" Kumbe ukiinama kosa, ukitazama kosa.

Jioni nilimweleza mwenzangu. Nilimwambia, "Mtazame mikono, ndugu yangu. Siri yote iko mkono wa kushoto."

"Nimkodolee macho mtu mzima?" aliniuliza. "Baba akisikia?"

"Baba yako hayupo karakanani!"

"Mimi nipo," alisema.

Nilikasirika nikataka kumpiga. Kisha nilichukua kijiti, nikakishika kama tupa, nikamfundisha mwenyewe. Mimi alinitazama bila shida, kwa kuwa mimi ni rika lake. Alishika haraka. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Angepata muda kidogo tu angenipita. Muda haukuwepo. Mawingu yalishajaa ziwani, na Bwana Fundi akaita mtihani.

Changu hakikupitisha mwanga. Chake kilipitisha uzi mwembamba, pembeni, sehemu ambayo misukumo miwili mitatu ya tupa ingeimaliza. Nilisema, "Bwana, mwachie amalizie." Bwana Fundi alikitupa kwenye lundo la vyuma chakavu, akamwonyesha mlango. Mwenzangu aliinama kwa heshima, akatoka kwenda kwenye kuni.

Kisha vita vikaja, Wazungu kwa Wazungu. Stima hazikuwa na kazi tena, lakini karakana haikulala. Siku moja Bwana Fundi aliniwekea mezani rundo la mapande ya chuma na kusema kwamba sasa mimi ni fundi, nifanye peke yangu bila kusimamiwa. Yalikuwa ya kutengenezea pete za shingo, za kuwafungia wapagazi kwenye mnyororo wasitoroke. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyoaminiwa. Kumbe walinichapa ili nijue kutengeneza hizo!

Askari alikaa mlangoni na bunduki. Nilizitengeneza. Ila kila pete niliipiga tupa upande wa ndani, kushoto nikikandamiza na kulegeza, hadi kidole kikapita bila kukwaruzwa. Bwana Fundi alipoona aliniuliza kwa nini napoteza tupa za serikali kwenye sehemu isiyoonekana. Nilimtazama usoni hadi akaondoka.

Wapagazi waliletwa asubuhi, wakapangwa uani kwenye matope. Mwenzangu alikuwa wa katikati, amekonda, mabega yamechubuka kwa magogo ya kuni. Nilisimama na nyundo mkononi nisijue niiweke wapi. Askari alipompa pete aishike akisubiri zamu yake, aliigeuza, akaingiza kidole ndani, akakizungusha polepole mzunguko mzima. Alitambua. Ni nani mwingine angetambua?

Aliinua macho, akanitazama mikono, kushoto kisha kulia, kama nilivyomfundisha.

"Ndaga," alisema.

Ndiyo asante ya kwetu. Walipandishwa Ukinga siku hiyohiyo, na shamba lake nimelilima mimi hadi leo.