Mikono Nyuma

Kila asubuhi saa mbili, kabla Loris hajawasha mashine yake ya kubomolea, mzee mmoja anakuwa ameshafika kwenye tundu la tatu la uzio. Kampuni iliyatoboa matundu hayo kwa ajili ya wastaafu wa Bologna wanaopenda kutazama kazi za ujenzi, wasije wakaparamia mabati. Husimama mikono nyuma, gazeti kwapani, na sauti yake huishinda injini. "Anzia kushoto, we kijana! Kushoto!" "Babu, njoo basi uendeshe mwenyewe!" Loris humjibu, naye hucheka, kisha huendelea kuamuru. Hata upepo ukimpeperushia kofia, mikono haitoki mgongoni. Husubiri mpita njia amwokotee.

Jengo lile refu la katikati ya mji limekuwa likishushwa ghorofa baada ya ghorofa tangu Machi. Vigae vya juu vilipukutika kama magamba ya samaki. Lakini ghorofa ya tisa, jino la mashine lilipogonga bafu lenye vigae vya kijani, vigae viligoma. Mzee akachomoa mikono, akapiga makofi. "Ushindwe! Hivyo tulibandika mimi na fundi mwenzangu Ivano!" Ukuta ulipokubali hatimaye, Loris hakuutupa; alishusha kipande chake taratibu hadi kwenye uzio. Mzee akapenyeza mkono tunduni, akapitisha kidole gumba kwenye viungo vya vigae, mstari kwa mstari, akakuta kigae kimoja kimekaa upande. Akarudisha mikono mgongoni.

"Hicho alibandika Ivano," alisema. "Haya, anzia kushoto."