Picha Iliyoishia Kwenye Ngazi

Banda langu la video lilikuwa Mikumi, nyuma ya maegesho ya malori, na sikulifungua kwa ajili ya watu wenye machozi. Wateja wangu walikuwa madereva, matingo na vijana waliokuja kungoja vibarua, nao walitaka mateke na risasi. Ukiwawekea picha ya mapenzi wanapiga miluzi mpaka unaitoa. Kwa hiyo Mwanakheri, mama ntilie wa upande wa pili wa barabara, alipoanza kuniagiza nimtafutie kanda ya wanafunzi wa Marekani wanaosomea kucheza na kuimba, nilimwambia wazi kwamba kitu hicho hakina soko. Akanijibu kwamba hajaniuliza habari za soko.

Huyo ndiye Mwanakheri. Wali wake ulikuwa mtamu na mdomo wake mkali, na dereva aliyerudisha sahani yenye chakula alisimangwa pamoja na mama yake mzazi. Lakini mtazame asubuhi akipepeta mchele. Ungo ulikuwa mikononi, ila kazi ilikuwa miguuni. Miguu ile ilitembea yenyewe, kidogo kidogo, kisigino na kidole, na madereva walinyamaza na chai zao wakaitazama. Mimi niliitazama kuliko wote, na sioni haya kusema.

Jina la picha hakulijua. Alichojua ni kwamba mna binti mwembamba mwenye kitambaa cha njano kichwani, kijana wa tarumbeta, na mnene mmoja anayechekesha darasa zima kisha anajificha chooni kulia. Na alijua inavyoisha. Wanafunzi wamemaliza shule, wanatoka ukumbini wakiimba, wanateremka ngazi ndefu kuelekea barabarani, na picha inasimama hapo.

Aliiona mara nyingi alipokuwa msichana, huko kwao Kimamba. Baba yake alilima mahindi na mpunga kama babu zake, lakini yeye alichukua kibarua cha kuanika singa, yaani nyuzi, katika shamba la mkonge. Enzi zile kila shirika la umma lilikuwa na kikundi chake cha utamaduni, kama lilivyokuwa na timu ya mpira, na shamba lao halikutaka kushindwa. Siku ya Mei Mosi au akija mgeni wa serikali, wafanyakazi waliacha nyuzi na mapanga wakavaa njuga. Baba alinuna, ila watu walipomsifia binti yake msikitini alinyamaza. Mwanakheri alikuwa mbele ya mstari kila mara. Waliomwona wanasema ngoma ilimngoja yeye aanze, na hao si watu wa kunifurahisha mimi.

Kiongozi wa kikundi alikuwa Casmir, karani wa mizani, aliyesoma sekondari kidogo na kwa hiyo ndiye peke yake aliyedai kujua Kiingereza. Fundi mmoja Mgiriki wa mashine za kuchakata mkonge alikuwa na deki na kanda hiyo, akawaazima. Jumamosi baada ya mazoezi walikaa sakafuni katika klabu ya wafanyakazi, Casmir akasimama kando ya televisheni na fimbo yake, akatafsiri. Watu wa kwenye picha wakizungumza wote kwa mpigo, yeye alizungumza zaidi yao.

Ngazi zilipofika, watu hawakuinuka. Kwetu hadithi isiyosema kila mtu aliishia wapi haijaisha, na msimulizi akikuacha hapo unayo haki ya kumdai. Casmir alilijua hilo. Kioo kilipokuwa cheusi na maandishi meupe yakaanza kupanda kutoka chini, alielekeza fimbo akayasoma. Kijana wa tarumbeta alipata bendi yake. Mnene akawa mwalimu wa shule ile ile. Na binti wa kitambaa cha njano hakuchukuliwa popote. Aliosha vyombo katika hoteli miaka mingi, mpaka siku moja watu waliomkumbuka wakamfuata jikoni kwake, wakamkuta, wakamchukua, naye akacheza mpaka alipozeeka.

Kisha likaja soko huria. Mkonge ulikuwa umeshaanguka bei, nyasi zikapanda kuliko mkonge wenyewe, shamba likauzwa, na mwenye mali mpya hakuona sababu ya kulisha wapiga ngoma. Casmir akakusanya njuga na vibwebwe, akavirudisha stoo, kisha akaondoka kwenda kwa wanawe Mbeya. Hajulikani kama yu hai. Mwanakheri akaja Mikumi kwa sababu ndipo barabara ilipo, kila anayetoka Dar kwenda Iringa lazima apite.

Nilidhani ni akili ya biashara. Sikuelewa mpaka nilipomtamkia habari ya ndoa.

Nilikuwa nimefiwa na mke, sina mtoto, na nilikuwa na kiwanja Kilosa mjini ambacho nilitaka kukijenga. Nikamwambia tufunge ndoa, tuhamie huko, tuachane na vumbi na honi za malori. Hakukataa. Alisema ngoja. Mwaka ukapita, nikamwambia tena, akasema ngoja tena, na safari hii nilikasirika, nikamuuliza tunangoja nini, mvua au Mahdi? Akatazama barabarani na kuniambia kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nikienda Kilosa, wakinitafuta hawatanipata."

Nilicheka. Nilipoona hacheki nikaacha. Ndipo aliponieleza habari za binti wa kitambaa cha njano, alivyofuatwa jikoni, na mimi nikarudi bandani kwangu nikiwa na wivu juu ya msichana wa kwenye kanda, mtu ambaye hata hanijui. Mwanamume wa makamo, mwenye jenereta mbili, nimeshindwa na picha.

Kanda yenyewe niliipata bila kuitafuta. Mzungu mmoja kule kwenye miwa, Kidodi, alikuwa akirudi kwao na kuuza vitu vyake, nami nikanunua kasha zima la kanda kwa kutumaini mateke. Nikazijaribu moja moja. Ya chini kabisa ilikuwa na binti mwembamba, na kitambaa chake kilikuwa cha njano kweli.

Niliitazama yote peke yangu. Kiingereza changu ni cha makasha ya kanda, lakini nimetazama picha nyingi na najua maandishi ya mwisho ni nini. Ni majina: mpiga picha, mshona nguo, dereva, mpishi. Hapakuwa na tarumbeta wala mnene. Wala hapakuwa na hoteli.

Nikafurahi, na furaha hiyo ilikuwa mbaya. Nilijiambia kwamba mwanamke huyu amefungwa na uongo wa karani wa mizani, na mimi nimepata wembe wa kukata kamba. Atasikia ukweli, atalia siku mbili, ya tatu tutakwenda Kilosa.

Nikamwita Ijumaa baada ya sala, wakati banda limefungwa. Alikuja na kanga mpya, amejitanda vizuri kama anayekwenda kwa wakwe. Alikaa sakafuni ingawa mabenchi yalikuwa matupu. Nikawasha.

Sikuitazama picha, nilimtazama yeye. Midomo yake iliyatangulia maneno asiyoyajua maana. Mnene alipoingia chooni alisema pole, baba, na wanafunzi walipocheza juu ya meza za bwalo mabega yake yaliitikia kila pigo. Ilikuwa kama kumwona mtu akila baada ya kufunga muda mrefu. Nikakumbuka kwamba katika miaka yote ya kumtaka sikuwahi kumwona mwanamke huyu akiwa na furaha, na iliniuma sana.

Wakateremka ngazi. Kioo kikawa cheusi, na maandishi yakaanza kupanda.

"Nisomee, Ashrafu," alisema, bila kugeuka.

Wembe nilikuwa nao mkononi, na nilikuwa nimeshaamua. Nikafungua mdomo. Nikainua kidole kuelekea kwenye kioo, nikamsomea. Kijana wa tarumbeta, nikasema, alipata bendi yake. Mnene akawa mwalimu. Na yule binti aliosha vyombo miaka mingi, mpaka wakaja kumchukua jikoni kwake. Nilijua kila neno linanipokonya nyumba yangu ya Kilosa.

Aliyatazama maandishi mpaka kanda ikakwaruza na kujizima yenyewe. Kisha akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Mimi nimemaliza darasa la saba," alisema. "Majina ya watu nayajua nikiyaona. Nilijua hata siku zile, tulijua karibu sote. Casmir aliposoma habari za vyombo alikuwa ananitazama mimi, maana shamba lilikuwa linakufa na hakuwa na kingine cha kunipa."

Nilimuuliza kwa nini basi amekaa barabarani miaka yote hii.

"Kujua ni kichwani," alisema, akaigusa miguu yake. "Huku kwingine kulikuwa kunangoja."

Alisimama, akakung'uta vumbi, na akiwa mlangoni akaniambia nitume mshenga kwa kaka zake Kimamba, kwa kuwa mtu aliyeweza kumsomea vile huku akijua hasara itakayompata, yeye anaweza kuishi naye. Ila akasema kuna sharti. Wakija kumwita, anakwenda, na nisije nikasema sikuambiwa. Nikamwambia nitambebea sanduku mpaka kituoni.

Nyumba ya Kilosa niliijenga, ikapata mpangaji. Sisi tupo Mikumi. Nywele zake zimeingia mvi na magoti yanamsumbua wakati wa baridi. Lakini gari likisimama ghafla mbele ya kibanda chake, mwiko unabaki juu ya sufuria, na yeye anawatazama wanaoshuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Mimi huyageuza macho yangu pembeni ili amalize. Halafu anawauliza kama watakula wali au ugali.