Mto Uliopokea Posa

Jumamosi washenga walikuwa wanaleta posa ya binti wa shangazi yangu, nyumbani kwake Kiberege. Kabla hawajafika, kaka wa binti akaanza kuonja soda za wageni, akaimwaga ile nyekundu juu ya kochi la sebuleni.

"Mungu wangu," shangazi akasema taratibu, huku anavua saa ya mkononi. Akanyakua beseni lililokuwa uani, akausugua mto wa kochi kwa nguvu. Doa likafifia, likapotea. Tukapiga vigelegele kana kwamba posa imeshajibiwa, tukauanika mto juani.

Ulipokauka ulikuwa mgumu kama ubao. Kumbe beseni lilikuwa na uji mwepesi wa mchele, aliouandaa kutia wanga vitambaa vyake vya kufuma. Tukaurudisha kwenye kochi hivyo hivyo. Mlangoni washenga wakapiga hodi.

Mshenga mkubwa akaenda kukaa pale pale. Mgongo ukamnyooka. Akaupapasa mto kwa kiganja, akamgeukia mwenzake. "Kochi la miaka yote hii halijabonyea? Mama anayetunza nyumba hivi, binti yake tutamwacha wapi?"

Posa ikatamkwa chai ikiwa bado ya moto.

Jana nilipita kumpa shangazi shikamoo. Nikakuta mito yote ya kochi imeanikwa uani, beseni la uji pembeni. Bado ana binti mwingine.