Kikopo Kinachofunga

"Hivi shoga, kikopo kinachofunga namna hii unakitia vijikaratasi, na sindano zako zinaota kutu?"

Jirani wa mlango wa pili aliuliza hivyo msimu wa mvua, amekalia furushi la sare za shule zilizokuwa zikingoja vifungo. Fundi alicheka. Alikuwa mjane mwenye ugonjwa wa sukari, na kwa miaka ishirini na sita mguu wake juu ya cherehani ndio uliomlisha. Unyevu wa chumba kile ulikuwa unamlia sindano kwa kutu. Kikopo kilikuja na mashine ndogo ya kupimia sukari aliyonunuliwa na bintiye, na kifuniko chake kilikaza hata pumzi isipite.

"Umesema kweli," akajibu. Vijikaratasi vya kupimia akavimimina kwenye bahasha, sindano akazitia kikoponi.

Kutu ikakoma. Kila asubuhi alijitoboa kidole, akagusisha tone la damu kwenye ncha ya kijikaratasi, akasubiri mashine iseme. Sita. Saba. Siku nyingine tano.

"Mungu ni mwema," alisema, na chai akaiongezea kijiko cha sukari.

Kiu ilimkamata, anakunywa maji kama mchanga. Akasingizia joto. Bintiye akipiga simu, "Mama, kliniki umeenda?" jibu lilikuwa lile lile: "Nikapange foleni na wagonjwa, mimi mzima? Mashine yako yanisifu kila siku!"

Kisha pini ikamwingia unyayoni, anakanyaga cherehani. Jirani ndiye aliyeona damu.

"We fundi, leo unajishona mwenyewe?"

Wakacheka hadi machozi. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Lakini yeye hakuudharau, maskini, hakuusikia kabisa. Wiki ya tatu vidole viwili vilikuwa vyeusi, na chumba kinanuka.

Hospitalini muuguzi alimpima: ishirini na nane.

"Mashine yenu mbovu, mwanangu," Fundi akasema kwa upole, akatoa ya kwake na ile bahasha. "Mimi asubuhi hii nina sita."

Muuguzi aliigeuza bahasha, ikanepa kwa unyevu.

"Mama, humu ndimo unamoviweka?"

"Tangu mwaka juzi. Binti akileta vipya, navimimina humo humo."

Muuguzi akavuta kiti. "Kwenye hii ncha kuna kitu kinaitwa kimeng'enya. Ni kama chachu ya mkate. Ndicho kinachoishika sukari ya damu, mashine ikapata cha kuhesabu. Unyevu ukikiingia kinakufa, na mashine haijui kuwa kimekufa. Inakusomea uongo tu. Kile kikopo vinamokuja kina dawa ya kukausha, ndiyo maana kinakaza vile."

Jirani, aliyekuwa amemsindikiza na kusimama pembeni na kapu la nguo, aliteremka taratibu hadi sakafuni.

"Mimi ndiye niliyekuua, shoga."

"Inuka, utachafua gauni, nililishona kwa taabu. Mkono uliomimina ni wangu."

Daktari alipoingia hakuketi. Alibonyeza mguu, kuanzia vidole hadi juu ya goti, akauliza unauma hapa, na hapa, na kila mara Fundi akatikisa kichwa. Akachukua kalamu ya wino mzito, akachora mstari katikati ya paja. Fundi aliutazama ule mstari kama anavyotazama kitambaa kilichopimwa vibaya.

"Daktari," akasema, "nakuomba ukate chini ya goti. Nina cherehani."