Nilivyoinadi Pasaka ya Dada Ana

Ndugu zangu, tangu Pasaka napita nyuma ya nyumba za watu ili nisikutane na mtu yeyote wa kanisani.

Mimi ndiye mnadi wa matoleo kigangoni kwetu, Litumbandyosi. Kuku, ndizi, mahindi, chochote kikiwekwa mbele ya altare, misa ikiisha nakinadi nje. Jumapili ya Pasaka nikakuta na kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Ndani mna mkate, chumvi na mayai mekundu. Padre alikuwa amekinyunyizia maji ya baraka, nikajua hapo watu watapandishiana bei.

"Kuku wa wapi huyu anayetaga mayai mekundu?" nikapayuka. Watu wakacheka, wakayagombania. La mwisho nikalichukua mwenyewe, nikalimenya palepale, nikalichovya kwenye chumvi, nikaanza kula. Mjinga mimi!

Ndipo akatoka Dada Ana, muuguzi wa kujitolea kutoka Poland, aliyekuwa amebaki ndani akisali.

"Baba, kikapu changu kiko wapi?" akamuuliza padre.

Padre akanieleza mbele ya wote. Kwao chakula hicho huletwa kubarikiwa tu, kisha hurudishwa nyumbani. Yai ni kaburi la Bwana. Ganda likivunjwa, amefufuka, na yai moja hugawanywa kwa wote waliopo. Ana alikusudia kutugawia sisi, majirani zake.

Akatazama maganda mkononi mwangu. "Yai hili umekula na nani?" akaniuliza.

Kiini kilikuwa bado mdomoni, hakimezeki, hakitemeki.