Sabuni Hupimwa kwa Ulimi

Jumamosi tulitoka Brooklyn Center kwenda kuona sabuni ya mafuta ya zeituni ikitengenezwa: manesi wanne Wakenya, na mama Mkongomani wa kanisani kwetu, ambaye tumezoea kumfundisha kila kitu cha Marekani. Fundi, mzee wa Kipalestina, alikata kipande, akakigusa kwa ncha ya ulimi kupima kama kimeiva. Mama naye akachukua kipande, akalamba.

"Bado," akasema. "Inauma."

Fundi akaacha kisu. "Nani alikufundisha?" Nikatafsiri.

"Mama yangu. Sisi kwetu tulikuwa tunapika sabuni na mawese."

Mzee akacheka mpaka akashika meza, akamvisha aproni yake. Nasi, watu wa kuvaa glavu hata kushika kalamu, tukapanga foleni ndimi nje, kama wanaopokea komunyo.

"Bado!" tukatangaza.

"Mumelamba upande wenye kukauka, ule hauumi," akasema mwalimu wetu mpya. "Murudilie."

Tukarudia.