Siku Niliyousingizia Mkwaju

Kisa hiki kinajulikana mtaa wetu wa Wiyoni mzima, tena wapo wanaokisimulia vizuri kuliko mimi na kuongeza majini wawili watatu ambao hawakuwepo, ndiyo maana nimeona bora nikisimulie mwenyewe niliyekuwa na mashine mkononi, kwa kuwa aibu ni yangu na ningependa angalau ibaki na ukubwa wake wa kweli.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Wazazi walitutoka tukiwa wadogo, nikaacha shule kabla sijamaliza ya msingi, nikawa naingia kwenye kazi yoyote itakayonipokea, na iliyonipokea ikanishika mpaka leo ni ya kukata miti kwa msumeno wa mashine, ule ambao sisi twauita pawa. Nyuma yangu yuko Mwanaidi, halafu wavulana wawili. Swaleh alipoleta posa ya Mwanaidi ilibidi ije kwangu, kwa sababu baba hayupo na babu hayupo, na kisheria ndugu wa kiume ndiye walii. Watu wenye mvi wakakaa kwenye mkeka wetu wakiniita Bwana Omari, mimi ambaye wiki moja kabla walikuwa wakiniita wewe kijana wa miti. Nikaitika kwa sauti nzito ambayo hata sikujua ninayo.

Sasa, huku Amu, au Lamu kama waiitavyo wengine, mwana wa kike akiolewa hukaa kwao, nyumba ikiwapo, na kwetu nyumba ni chumba kimoja na ukumbi ambao wavulana wanalala humo na pawa yangu. Mama yake Swaleh, Bi Zena, hakulifanya hilo kuwa neno. Alisema atajenga chumba uwanjani kwake, nyuma ya jiko, maharusi wakae hapo, ila kuna mkwaju mkubwa umesimama mahali penyewe. Nikasema haraka, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, "Huo niachieni mimi." Sikuwa na nyumba ya kumpa dada yangu, basi angalau nimsafishie pa kujengea.

Siku moja kabla ya kazi niliifungua pawa yote nikaisafisha (Mwanaidi alisema siwezi kwenda kwa wakwe na kitu kinachonuka kama boti bovu). Nikavua cheni, nikatoa unga wa mbao uliojibana kwenye mfereji wa ule ubapa wa chuma ambao cheni inauzunguka, nikapangusa chujio la hewa, nikatia tupa kila jino. Nilikuwa nimekaa barazani, na kila anayepita alisimama kunipongeza kwa posa, nami kila mara nainua kichwa, naitikia, nashukuru, narudi kwenye kazi. Mahali fulani kati ya pongezi na shukrani nikairudisha cheni, nikakaza nati, nikaridhika.

Asubuhi nikaenda kwa Bi Zena nimevaa kila kitu. Buti, suruali nzito, glavu, helmeti yenye wavu mbele na vifuniko vya masikio. Ndugu yake Bi Zena, Bwana Athumani, alikuwa amekwisha kuwekewa kiti kivulini na kahawa yake.

"Bwana Omari," akasema, "waenda kukata mti au waenda vitani?"

Hapo ningecheka tu yakaisha. Lakini mimi nikatoa mhadhara. Nikawaeleza kwamba mashine hii haina urafiki na mtu, haivaliwi shuka wala kanzu kwa sababu ikikamata nguo itakamata na mwenye nguo, haitiwi petroli ikiwa ya moto, haiinuliwi juu ya mabega, na ncha yake isiguse kitu maana itamrukia mwenyewe usoni. Nikawapanga watu wote mbali, mara mbili ya urefu wa mti. Nikafunga kamba kwenye tawi la juu nikampa Swaleh na rafiki zake waivute upande wenye nafasi. Nikaonyesha na njia nitakayokimbilia mti ukianza kwenda. Majirani walikuwa wamepanda juu ya madari yao kuangalia, na mmoja akasema kwa sauti, "Huyu kijana yuwajua kazi." Nililisikia kupitia vifuniko vya masikio.

Nikaweka pawa chini, nikafunga breki, nikavuta kamba yake ya kuwashia, ikawaka mara moja, nikaachia breki nikaipeleka kwenye shina.

Haikukata.

Kwanza nilidhani ni gome, magome ya mkwaju ni magumu. Nikasukuma. Ukatoka unga mwembamba kama wa ngano, mahali ambapo hutakiwa kuruka vipande. Nikasukuma zaidi (jambo ambalo nikimwona mtu analifanya namtukana), ukaja moshi. Nikazima, nikaangalia oili ya cheni, ipo. Nikawasha tena, moshi ukazidi, shina likawa jeusi mahali pamoja kama chungu cha wali ulioungua, na mti hauna hata jeraha. Nikavua helmeti. Jasho linanitiririka.

"Au una wenyewe?" akauliza Bwana Athumani.

Wenyewe, huku kwetu, ni wale tusiotaka kuwataja. Na hapa ndipo nilipoharibu. Jibu la fundi lilikuwa, ngojeni niangalie mashine yangu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuhutubia, nimekwisha kusifiwa kutoka darini, na wakwe wananitazama. Nikaufuta uso kwa mkono wa shati, nikautazama ule mti juu mpaka chini kama daktari, nikasema, "Huenda."

Neno moja. Bi Zena akaingia ndani akatoka na chetezo cha ubani. Jirani wa darini akakumbuka kwamba mbuzi wake alifia chini ya mti huo. Mwanamke mwingine akasema yeye siku zote akipita hapo nywele humsimama (na mimi nimemwona kwa macho yangu akiokota ukwaju hapo hapo, kapu zima, tena akiimba). Mtu akatumwa kumwita maalim wa chuo cha Kurani, naye akaja, akatandika mswala wake, akasoma Ayatul Kursiyu taratibu, sauti nzuri, watu wameinamisha vichwa. Alipomaliza akaniashiria kwa mkono. Nikavaa helmeti, nikajaribu tena. Safari hii moshi wangu ukachanganyika na moshi wa ubani, na mtu akapiga yowe. Wallahi hata mimi mwenyewe nilianza kuuogopa ule mti.

"Basi!" akasema Bi Zena. "Zima kitu hicho."

Nikazima.

"Chumba hakijengwi hapa. Na hii harusi tutangoja, mpaka tujue tumekosea wapi."

"Mama," Swaleh akasema, bado ameshika kamba, "ni mti tu."

"Nyamaza wewe. Mti umekataa mbele ya walii wa mke, wataka ukwambie kwa mdomo? Hata ukikatika sasa hivi, mimi simlazi mwanangu hapo."

Bwana Athumani alikuwa akiangalia kikombe chake. Mimi nikakaa juu ya jiwe, pawa mapajani, naona posa ya dada yangu inaondoka mbele yangu nami sina la kuishikia, kwa sababu nikisema hakuna jini wataniuliza basi kuna nini. Sikuwa najua kuna nini. Nikaanza kuitazama cheni, kwa kukosa mahali pengine pa kutazama.

Jino la pawa lina upande mmoja mkali, ule wa mbele. Ukiishika mashine, meno yaliyo juu ya ubapa hutakiwa yaelekee mbele, mbali nawe, yazunguke ncha na kurudi chini yakikata. Mtoto akioneshwa mara moja hasahau. Meno yangu yalikuwa yananitazama mimi. Mstari mzima, yametiwa tupa vizuri, yanang'aa, yamegeuka nyuma. Asubuhi yote nilikuwa nikiusugua mti kwa visigino vya meno.

Nilijua papo hapo kwamba mwingine hajui. Ningeweza kuomba maji, nikaenda nyuma ya jiko, nikaigeuza kimya kimya, nikarudi, nikasema bismillahi, mti ukaanguka na sifa zote zikaenda kwa maalim na kwangu. Lakini Bi Zena alikuwa amekwisha kuifunga njia hiyo. Hata ukikatika, alisema. Nikasimama.

"Bi Zena, mti hauna kitu. Ni mimi. Cheni nimeifunga kinyume."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko hasira.

"Omari mwanangu, usijifedheheshe kwa ajili yetu. Mtu wa kazi hii miaka yote afunge kinyume? Najua wataka harusi iende. Usitufunge mato, macho tunayo."

"Ngoja nikuonyeshe."

Nikatia mkono mfukoni nitoe spana. Hakuna spana. Ilikuwa imebaki barazani kwetu, pale pale nilipokuwa nikipokea pongezi. Nikapiga simu nyumbani, uwanja mzima unasikiliza.

"Mwanaidi, ile spana ya pawa iko barazani. Mpe mtu ailete huku, upesi."

"Nimpe nani? Watoto wako chuoni, na maalim wao nasikia yuko huko kwako."

"Yeyote!" nikasema, nikakata.

Niwaambie kwamba mchumba hakanyagi kwa mama mkwe kabla ya harusi. Halijaandikwa mahali popote, lakini hakanyagi. Tulikaa hapo, maalim anapiga tasbihi, Bwana Athumani ameongezewa kahawa, kisha mlango wa uwani ukagongwa, na huyo yeyote wangu akaingia, Mwanaidi mwenyewe, amejifunga buibui mpaka usoni, amebeba spana ndani ya leso kama mtu anayepeleka maandazi. Akanipitia kwa macho mara moja. Akaona shina lililoungua. Akaona chetezo, akamwona maalim juu ya mswala, akaona unga mweupe juu ya buti zangu. Sikuwa nimemwambia neno.

"Kaka," akasema, "umeifunga kinyume tena?"

Hilo "tena" ndilo lililonimaliza. Ni kweli iliwahi kutokea, nilipokuwa bado najifunza, nyumbani, na tulikuwa tumekubaliana kwamba halitoki nje ya mlango wetu.

Bwana Athumani akaweka kikombe chini kwa uangalifu, kama mtu anayejua kwamba akichelewa atakimwaga, akaanza kucheka. Darini wakapokea. Swaleh alikuwa ameuma ncha ya kamba. Bi Zena alibaki anamtazama Mwanaidi, halafu mimi, halafu chetezo chake mwenyewe.

"Mwanangu," akamwuliza Mwanaidi, "huyu amekwambia useme hivyo?"

"Hapana, Bi Zena. Ameniambia spana tu. Lakini moshi huo naujua."

"Na wewe wajua namna iliyo sawa ni ipi?"

"Meno ya juu yaelekee mbele. Ndiye aliyenifundisha," akasema, na kwa adabu akaongeza, "siku nyingine."

Hapo Bi Zena akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaketi kwenye kizingiti cha jiko, machozi yanamtoka, na kila akijaribu kusema anarudi palepale, "Yeo hii nimefukiza ubani... nimefukiza cheni!" Maalim akakunja mswala wake, akasema dua haipotei, pengine ilikuwa imekwenda kunitafutia akili na imechelewa njiani.

Nikafungua nati mbele yao wote, nimevaa glavu, Bwana Athumani ameinama na miwani yake kuhakikisha. Nikaigeuza cheni, nikaikaza kiasi cha kuvutika kidogo na kurudi, nikaizungusha kwa mkono kuona haikwami. Nikamwondoa kila mtu mbali upya, safari hii bila hotuba. Pawa ikaingia kwenye mkwaju kama inaingia kwenye papai, vipande vinaruka mpaka magotini, Swaleh na wenzake wakavuta, mti ukalala pale ulipotakiwa. Hakuna aliyenisifu. Mtu mmoja darini aliuliza kama sasa nitaikata ile kamba kwa nyuma au kwa mbele.

Siku ya kuozesha nilikaa mbele ya kadhi, mkono wangu ndani ya mkono wa Swaleh, natamkishwa maneno, na chumba chote kilikuwa kimya kupita kawaida, nami nilijua wanangojea nini. Bwana Athumani alininong'oneza nyuma ya sikio, "Taratibu, Bwana Omari. Anzia mbele." Niliyasema yote sawasawa, mara moja. Nadhani baadhi yao walisikitika.

Siku hizi nikifunga cheni sipokei salamu. Wapitao wananiona nina majivuno, na mimi nawaacha wadhani hivyo. Spana nimeifunga kwa uzi kwenye mkanda. Na mashine ikigoma mbele za watu nasema hivyo hivyo, imegoma, ngojeni niitazame, wala simtafuti mwingine wa kubeba lawama, awe mtu, mti au jini, na sitarudia maadamu nina mikono miwili ya kushikia kazi hii.

Chumba kimejengwa. Mwanaidi analala pale pale uliposimama mkwaju, na Bi Zena kwa muda alikuwa akimwuliza kila asubuhi kama usiku amesikia kitu. Akajibu siku zote kwamba amesikia, tena kitu kizito, kinavuta pumzi na kuguna mpaka alfajiri, na amekwisha kumwambia Swaleh alalie ubavu.